Santuri ya zamani imechakaa: dalili, chanzo, na bei yake ya haki

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nimekuta santuri za marehemu babu kabatini. Zimechoka, zinakwaruza. Nizitupe au niuze?" Anayeuliza huwa ameshapewa jibu baya mahali pengine. Dalali amemwambia ni takataka na kumpa bei ya maandazi, au yeye mwenyewe ameona santuri yenye jina hilohilo mtandaoni ikiuzwa kwa mamia ya dola na sasa hashikiki. Wote wawili wametaja bei kabla ya kujua santuri inaumwa nini.

Uchafu, sindano mbovu na mfereji uliolika (mfereji ni ule mstari mwembamba unaopitiwa na sindano) hutoa kelele zinazofanana. Uchafu unatoka. Sindano mbovu si kosa la santuri hata kidogo. Mfereji uliolika hauna dawa. Ukishindwa kuvitofautisha hivi vitatu, utaiuza mali kwa hasara au utamuumiza mnunuzi.

Kwanza, ijue iliyo mkononi

Santuri nyingi za mizunguko 78 kwa dakika ni za lakri (shellac): nzito, ngumu, zikidondoka zinavunjika kama sahani ya udongo. Ndizo za enzi ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu, na huku Afrika ziliendelea kutoka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, hivyo usishangae kukuta rumba ya lebo ya Ngoma ya Léopoldville (sasa Kinshasa) kwenye lakri. Santuri ndogo za inchi 7, zinazozunguka mara 45, na zile kubwa za inchi 12 za mizunguko 33, yaani LP, ni za plastiki inayonepa kidogo.

Mfereji wa 78 ni mpana na unataka sindano yenye ncha nene karibu mara tatu ya sindano ya LP. Ukiipiga 78 kwa sindano ya LP, ncha inaburuta chini ya mfereji na utasikia kelele tupu. Ukifanya kinyume chake, utaichimba santuri ya plastiki. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono isiiguse plastiki kabisa: kichwa chake kina uzito wa gramu mia na zaidi, wakati santuri ya plastiki inataka gramu 2 hivi.

Inakwaruza mwanzo hadi mwisho

Chanzo cha kwanza, na mara nyingi ndicho pekee, ni uchafu. Miaka 30 kabatini ni vumbi, moshi wa jikoni na mafuta ya vidole. Chanzo cha pili ni sindano iliyochakaa au iliyobeba nywele za vumbi. Cha tatu ni umeme tuli, hasa bara wakati hewa ikiwa kavu. Kuchakaa kwenyewe ni cha nne.

Anza na jaribio la bure: piga santuri nyingine unayoijua kuwa ni nzima. Nayo ikikwaruza, acha kuilaumu ya babu. Isafishe sindano kwa brashi laini, ukivuta kutoka nyuma kwenda mbele, kamwe si kwa ubavu. Kelele ikibaki, badilisha sindano kabla ya kugusa santuri nyingine yoyote, kwa sababu sindano iliyovunjika ncha inaharibu kila inachopita.

Kisha osha. Usitumie maji ya kisima, na pwani usiyafikirie hata kidogo, maana chumvi yake hukaukia mferejini ikawa kelele mpya. Maji yanayofaa ni yale safi ya kuongezea betri ya gari, yasiyo na asidi. Soma chupa vizuri, kwa kuwa asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo. Weka tone moja la sabuni ya vyombo, tumia kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na ufuate mifereji kwa duara bila kukatiza. Lebo ibaki kavu. Kifuniko cha plastiki kilichobanwa juu yake kinatosha. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, kisha isimamishe kivulini ikauke.

Onyo ambalo sitachoka kulirudia: spiriti inayeyusha lakri. Wapo wanaosafisha santuri za plastiki kwa spiriti iliyochanganywa na maji, na mara nyingi hakuna linaloharibika. Kwenye 78, utafuta muziki wenyewe. Kama huna hakika ni lakri au plastiki, chukulia ni lakri.

Usikadirie bei ya santuri chafu. Nimewahi kuona ya 45 ya kijivu kabisa, ambayo mwenye nayo alikuwa tayari kunipa bure kama nyongeza, ikatoka majini nyeusi na tulivu. Nilirudi kumlipa. Alikuwa mjane aliyekuwa akiuza ili alipe ada ya mjukuu, na santuri ile peke yake ilikuwa na thamani kuliko mzigo wote nilioununua.

Inang'aa vizuri, lakini sauti imepasuka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Dalili yake: kimya kati ya nyimbo ni safi au karibu safi, lakini mwimbaji akipandisha sauti, au tarumbeta zikiingia, sauti inachanika. Herufi "s" zinageuka kuwa mchanga. Mara nyingi hali huzidi kadiri sindano inavyokaribia lebo, kwa sababu pale mduara ni mdogo na mawimbi ya sauti yamebanana.

Anza tena na mashine. Sindano iliyochakaa au iliyofungwa upande hutoa mpasuko uleule. Jaribu kwa santuri nzima, na usikilize wimbo wa mwisho wa upande, si wa kwanza. Sababu ya pili ni uchafu uliogandamana kwenye kuta za mfereji, na huo huhitaji kuoshwa mara mbili au tatu. Ya tatu, na ndiyo hasa kwa santuri zetu, ni mfereji uliolika: ulipigwa kwa mashine nzito, kwa sindano ambayo haikubadilishwa mwaka mzima, huku sarafu imewekwa juu ya mkono wa pleya ili usiruke. Santuri za baa na za sherehe zote zilipita humo. Ya nne ni nadra lakini ipo: ilitoka kiwandani hivyo, sauti ikiwa imerekodiwa kubwa kupita kiasi. Ukisikia mpasuko mahali palepale kwenye nakala mbili tofauti, ujue lawama ni ya studio.

Macho peke yake hayatoshi. Iinamishe santuri chini ya taa moja kali, si chini ya tubu nyeupe ya dukani. Mfereji mzima unarudisha mwanga kama hariri. Uliolika una ukijivu usioondoka kwa maji, mara nyingi kama pete pale penye sauti kubwa. Kisha tazama tundu la katikati. Mistari myembamba inayozunguka tundu kwenye lebo ni alama ya mtu aliyekuwa akiitafutia santuri mhimili wake. Mistari michache, ilipigwa kidogo. Lebo iliyochanika hadi karatasi nyeupe imeonekana, ilipigwa mamia ya mara, hata kama sahani yenyewe inang'aa kama kioo.

Na ikiwa inang'aa kupita kawaida, inuse. Niliwahi kununua rundo la 45 zilizopakwa mafuta ya nazi. Kwenye mwanga wa kibanda zilikuwa kama mpya. Nyumbani mafuta yalikuwa yamekamata vumbi lote la soko na kulibandika mferejini, na baada ya kuosha siku mbili nikaona ukijivu uliokuwa umefichwa. Tangu siku hiyo napitisha kidole kwenye ukingo, pale pasipo na muziki. Kikiteleza, naomba santuri iwekwe kwenye pleya kabla sijatoa pesa.

Hakuna fundi anayerudisha mfereji uliolika. Anayekuambia ana dawa yake anakuuzia kitu cha kung'arisha. Kinachoweza kusaidia ni sindano yenye ncha ya umbo tofauti, inayogusa ukuta mahali ambapo sindano za zamani hazikufika. Husaidia kusikia na kunakili. Haipandishi bei.

Inaruka, au inarudia neno moja

Kinachoongoza ni kitu kigumu kilichoganda: nta ya mshumaa, tone la soda, kinyesi cha mende. Kinachofuata ni pleya isiyokaa sawa au mkono mwepesi mno. Halafu mkwaruzo wa kweli. Mwisho, kupinda.

Weka pleya mahali palipo sawa, pima uzito wa mkono, na rudisha ile sarafu mfukoni. Ikiendelea kuruka, tafuta mahali penyewe na upitishe ukucha polepole. Ukucha ukikwama, na sindano itakwama. Mstari unaoonekana lakini ukucha hauusikii ni wa juu tu, na mara nyingi hausikiki kwenye sauti.

Sikiliza pia mpangilio wa kelele. Mlio unaokuja kwa vipindi sawa, kila sekunde 1.8 kwenye LP au kila sekunde 1.3 kwenye 45, ni mkwaruzo uliokatiza mifereji. Unaokuja ovyo ni uchafu. Hesabu milio: kumi na tano kisha kimya ni kasoro unayoweza kumweleza mnunuzi kwa uaminifu, naye akainunua. Santuri inayoruka au kurudia haiwezi kuuzwa kama inayopigika, hata kama ni mahali pamoja tu.

Kitu kilichoganda kilowekwe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika kadhaa. Usikikwangue kwa wembe wala sindano ya kushonea. Nta ikigoma, acha. Nakala adimu ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kuoshea santuri.

Madoa meupe

Kuna meupe ya aina tatu na bei zake zimepishana kama mbingu na ardhi.

Ya kwanza ni ukungu: vidoa au nyuzi kama utando wa buibui, na harufu ya kabati la mvua. Pwani ni kawaida. Unaoshwa, lakini ukikaa muda mrefu hula uso wa santuri na kuacha mchakacho usiotoka. Fanyia kazi nje, funika pua na mdomo, tupa karatasi ya ndani. Mwenye pumu asiguse, ampe mwingine.

Ya pili ni kiwingu kinachofuata umbo la mfuko wa plastiki. Mifuko ya nailoni laini ya zamani hutoa kemikali inayounguza taratibu uso wa santuri. Hakiondoki. Nyingine hupiga vizuri hata hivyo, nyingine zinavuma muda wote, kwa hiyo sikiliza kwanza ndipo useme.

Ya tatu ni utando wa mafuta mweupe juu ya sahani nyeusi nzito, yenye lebo iliyopigwa taipu au kuandikwa kwa kalamu, na ukitazama ndani ya tundu unaona chuma. Acha hapo hapo. Hiyo si santuri ya kiwandani. Ni sahani iliyokatwa moja kwa moja studioni au redioni, pengine nakala ya pekee duniani, na ngozi yake inaweza kubanduka kwa kupigwa mara moja. Usioshe, usipige, usiiweke juani. Tafuta watu wa kumbukumbu za sauti, kama Ketebul Music kwa upande wa Nairobi, au maktaba ya sauti ya chombo cha utangazaji cha taifa, kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote.

Imepinda

Joto na kuegemezwa vibaya. Saa moja ndani ya gari lililoegeshwa juani inatosha. Iweke kwenye pleya na uangalie ubavuni: mkono ukipanda na kushuka taratibu bila sauti kubadilika, bei inapungua kidogo tu. Sauti ikiyumba au sindano ikirushwa, imeshuka mno.

Ya plastiki inaweza kulazwa kati ya vioo viwili vizito, kivulini, kwa wiki kadhaa. Matokeo huwa madogo. Watu huniuliza kuhusu jua na oveni. Nimeona santuri nyingi zilizonyooshwa kwa moto zikawa bapa kabisa na mifereji yake imelala. Ya lakri usiilazimishe kwa namna yoyote, itakatika.

Ina ufa

Hili ni la 78. Ining'inize kidoleni kwa tundu na uigonge kidogo kwa kifundo cha kidole, kama mtu anavyojaribu chungu sokoni. Iliyo nzima hulia. Yenye ufa hutoa sauti butu. Kisha tafuta ufa kwa taa ya pembeni. Baadhi ya santuri za Columbia zilitengenezwa kwa tabaka, nazo huwa na nyufa za ngozi ya juu tu ambazo hazifiki upande wa pili na hazisikiki sana. Ufa uliopita hadi upande wa pili ni jambo jingine.

Gundi isikaribie. Gundi ya dakika moja huingia mferejini na kumnyima mtaalamu nafasi ya kuziunganisha nusu mbili kwa ajili ya kunakili, kazi ambayo huwezekana vipande vikiwa safi. Vifunge kila kimoja peke yake kwenye karatasi. Taarabu ya miaka ya 1928 hadi 1930 iliyovunjika vipande viwili bado ina watu wanaoitafuta.

Sauti inayumba kama mlevi

Jaribu santuri nyingine. Nayo ikiyumba, ni mkanda wa pleya uliolegea. Kama ni hii peke yake, tazama mkono: ukienda kushoto na kulia kila mzunguko, tundu halikutobolewa katikati, au ni 45 yenye tundu kubwa na adapta yake imelegea. Kuyumba kwa kiwandani hakurekebishwi kwa kutanua tundu kwa kisu. Na kama tatizo ni ngurumo ya umeme, kaza waya wa ardhi. Ikiendelea, muite fundi. Usifungue amplifaya mwenyewe, ndani yake umeme hubaki hata ikichomolewa.

Inapiga, lakini bei haieleweki

Wakusanyaji hupanga hali kwa ngazi: NM ni karibu mpya, VG+ ina alama ndogo zisizoharibu usikilizaji, VG inakwaruza lakini muziki uko juu ya kelele, G inapigika kwa shida. Kwa kawaida VG+ hupata karibu nusu ya bei ya NM, VG robo yake, na G sehemu ya kumi hivi. Anayeona bei kubwa mtandaoni huwa ameona ya NM, tena iliyoombwa, si iliyolipwa. Kwenye Discogs, tovuti ya kuuziana santuri, angalia historia ya mauzo.

Ngazi hiyo inafanya kazi vizuri kwa Jim Reeves na Boney M., ambao walijaa majumbani kwetu. Nakala zao zilizochakaa ni za kusikiliza tu. Usijisumbue kutafuta mnunuzi wa Ulaya. Kwa 45 za bendi zetu, ngazi inavunjika. Benga ya lebo ya Chandarana ya Kericho, taarabu ya lebo ya Mzuri ya Mombasa, dansi la Tanzania lililochapwa Nairobi: hizi zilitolewa zipigwe, na zikapigwa. Kwa nyingi hakuna NM ya kulinganisha nayo. VG ndiyo nakala bora iliyobaki, na ndiyo inayowafanya watu wa lebo za Ulaya kama Soundway wahangaike kuzitafuta ili wazitoe upya. Dalali anayekuambia "imekwaruza, haina kitu" kuhusu 45 kama hiyo anajua anachofanya.

Kava lisikutie hofu. 45 nyingi zilikuja na mfuko wa karatasi wa kampuni, na kuukosa hakupunguzi sana. LP ni tofauti: kava lililoliwa na mchwa au kupasuka kingo hukata bei sana, hata sahani ikiwa safi. Jina la mwenyewe kwa wino kwenye lebo ni kasoro ndogo. Usilifute. Kufuta huchana karatasi, na mimi binafsi hupenda kujua kuwa santuri fulani ilikuwa ya mtu.

Unapomwandikia mnunuzi, mpe picha ya lebo zote mbili, namba zilizochongwa kwenye plastiki tupu karibu na lebo, kwa kuwa ndizo zinazotofautisha toleo la kwanza na la baadaye, na sekunde 30 za sauti kutoka mwisho wa upande, si mwanzo. Na ikiwa ni muziki wa hapa usioupata popote mtandaoni, iosheni santuri, ipigeni kwa sindano nzuri mara moja, na muurekodi muziki wote kabla haijatoka mlangoni. Wapeni nakala watoto wa yule aliyeimba, kama mnawajua.